Kwa Nini Wanja Una Mkia

Wekeni mkono wa kulia kifuani. Na wewe Msiti, uliyejifunika leso usoni eti una mafua, weka na wewe. Semeni: hili litafia hapa, hata mama zetu hatutawaambia. Mmeapa? Haya. Na mimi niliapa hivyo hivyo mbele ya bibi yangu, tena mara tatu, na sasa nawaambieni. Mmejazana chumbani mwangu kuazima kioo, kichupa changu cha wanja kimepotea tangu asubuhi, na mmoja wenu ameuliza kwa nini mkia wa wanja hupanda badala ya kushuka. Nikinyamaza nitaumwa na tumbo.

Hapo kale wanja haukuwa na mkia. Wanawake wa mji huu waliuzungusha jicho zima, juu na chini, mviringo kama mdomo wa chungu, kisha jasho la mchana likauteremsha hadi shavuni. Bibi harusi mwenye furaha yake alionekana kama aliyetoka matangani. Hakuna aliyeona ajabu, kwa kuwa wote walikuwa hivyo.

Wote isipokuwa Bi Kazija. Huyu alikuwa somo, mwanamke wa kuwafunda maharusi na kuwapamba, na siku ninazozisema alikwisha kuzika waume wawili. Wa tatu alimkimbia, lakini hilo tuliache. Meno aliyobaki nayo hayakutosha kutafunia muwa, ila macho yake! Yalikuwa marefu, yamenyanyuka pembeni, kama ya mtu aliyepata habari njema na bado hajamwambia jirani. Wanawake walipomwuliza siri yake alijibu, "Maji ya kisima ya alfajiri, shoga, na kulala bila mto." Mji mzima ukatupa mito. Bi Mkasi wa nyumba ya pili alilala hivyo miaka ishirini, akawa anaamka na shingo imepinda na macho yale yale.

Ukweli ni kwamba Bi Kazija alifundishwa na paka. Siku hizo paka walikuwa wakisema, ingawa hawakuwa wasemaji sana. Paka mmoja wa kijivu alipenda kukaa ukingoni mwa karo la maji la uani akijiramba, na Bi Kazija akauona mstari mweusi unaotoka pembe ya jicho lake kuelekea sikioni. Akamwomba amwonyeshe unavyochorwa. Paka akakubali kwa masharti: vichwa vya samaki wa kila harusi viwe vyake, na jambo lisitoke nje ya ua ule. Bi Kazija akala yamini.

Ikaja harusi ya Mwanatumu. Binti huyu aliumbwa na macho yaliyoinama pembeni, na wanja wa mviringo ukayainamisha zaidi. Posa yake ya kwanza ilivunjika kwa ajili hiyo. Mama wa mchumba alimtazama mara moja, akasema hataki kuingiza kilio nyumbani mwake, akaondoka na masinia yake. Sasa alikuwa amepata mchumba mwingine, wanapendana, na ilibaki Ijumaa moja tu. Kwa desturi ya mji, baada ya sala ya alasiri bibi harusi alikalishwa nyuma ya pazia macho ameyafumba. Pazia likivutwa, mama mkwe alimtazama, na akiridhika alimrashia marashi. Asipomrashia, hakuna ndoa.

"Somo," alisema Mwanatumu Ijumaa hiyo nyuma ya pazia, "akinikataa na huyu, sitoki tena uani mwetu."

Bi Kazija alikuwa mchoyo wa siri, lakini roho yake haikuwa ya jiwe. Akawaza: binti kafumba macho, pazia limeshuka, nani atajua? Akachomoa chelewa moja kwenye ufagio, akaisafisha, akaiegemeza kutoka ubavuni mwa pua, ikapita pembe ya jicho, ikaishia mwisho wa nyusi. Akatia nukta kule nje, akavuta mstari kutoka kwenye nukta kurudi ndani, mnene upande wa sikio, mwembamba ukikaribia pua. Chini ya pembe ya jicho hakugusa kabisa. Kilichozidi alikifuta kwa pamba yenye mafuta ya nazi. Jicho la kulia likanyanyuka kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa.

Kwa haraka ile, vichwa vya samaki vilisahauliwa. Au niseme kweli: alikuwa amevitia kwenye mchuzi wake mwenyewe. Paka akafika jikoni, akanusa sufuria, akaelewa. Alipita katikati ya wageni mkia umesimama, akalirukia pazia kwa kucha zake zote kumi na nane, na pazia likaanguka pamoja na kamba.

Wanawake wakageuka. Bi Kazija huyo, chelewa mkono mmoja, kijiti cha wanja mkono wa pili, vidole vyeusi hadi kwenye pete. Na mbele yake bibi harusi, jicho moja lenye wanja wa mviringo linalia, jicho moja linacheka.

"Maji ya kisima, eeh?" Bi Mkasi alisema, sauti ikampanda. "Miaka ishirini, Kazija! Miaka ishirini sijalalia mto!"

Ukumbi ukachafuka. Wengine walitaka ufagio, na si kwa ajili ya chelewa. Lakini mama mkwe, Bi Shumbana, aliinua chupa ya marashi juu wakanyamaza. Akasogea, akatazama jicho la kushoto, akatazama la kulia, akarudi kwenye la kushoto.

"Kumbe mwanangu hakuwa akilia," Bi Shumbana alisema. "Ni sisi tuliokuwa tukimpaka machozi." Kisha akamgeukia mwenye vidole vyeusi. "Malizia na la pili, somo. Hapa hapa, tena polepole, sote tunatazama."

Mkono wa Bi Kazija haukuwahi kutetemeka kabla ya siku ile. Ukumbi mzima umemkodolea, Bi Mkasi anampumulia shingoni, paka yuko mlangoni anangoja. Akachora, akafuta, akachora tena. Jicho la pili likanyanyuka, ila halikulingana na la kwanza. Bi Shumbana akacheka, akamrashia mkwe wake marashi mpaka yakamdondoka kidevuni, vigelegele vikapaa.

Tangu Ijumaa ile hakuna nyumba mjini isiyojua kuupandisha wanja. Ndiyo maana hata leo mwanamke akiwa peke yake chumbani, jicho la kwanza humtoka zuri, na la pili lazima limsumbue. Ni ule mtetemeko wa Bi Kazija. Na paka wako huja kukaa karibu na kioo akikutazama mkono, maana vichwa vyake hajavisahau. Kusema ndiyo aliacha, alipoona sisi wanawake hatutunzi neno.

Msiti, mafua hayo yamezidi. Hebu toa leso usoni. Toa, tuone sote. Aa! Tazameni wenzenu, jicho moja limepanda, na kichupa changu kimo kwenye pindo la leso, na chelewa pia!

Lete hiyo chelewa, mwanangu. La pili nitakumalizia mimi.