Kwa Nini Kilele cha Mtungire Kiko Hapo Tu

Kazeni kamba za viatu huku mkinisikiliza, maana jua la asubuhi halimngoji mtu, na mimi nikishaanza kusema sipendi kukatizwa. Naitwa Bi Sikujua. Nimezaliwa juu kule, nikaolewa huku chini, kwa hiyo kilima hiki nakijua pande zote mbili. Mmetoka mjini alfajiri na chupa zenu za maji na kofia mpya, na kila kundi linalokuja huniuliza swali hilo hilo: kwa nini njia ya Mtungire inazunguka namna hii, wakati kilele mtu anakiona? Hadithi hii nilipewa na bibi yangu, naye alipewa na bibi yake. Chumvi hatukuongeza, ila ya kuonjea.

Kulikuwa na wakati njia hii haikuwa na kona hata moja. Ilinyooka kama mkuki kutoka kisimani mpaka uwanja wa Mzee Mindu, juu kabisa. Mji nao ulikuwa bado mdogo, lakini watu wa kilimani waliuona mkubwa kupita kiasi, kwa sababu una watu wasiojuana. Wao wenyewe walikuwa na miguu ya mbuzi. Walipanda mwinuko ule wakitafuna muhogo na kusimuliana habari, na hakuna aliyehema.

Tena walikuwa na tabia moja iliyowapa sifa na hasara kwa pamoja. Walikuwa hawasemi uongo, hata ule wa adabu. Ukimkaribisha mtu wa Mtungire chakula kibaya, alikwambia ni kibaya, kisha akaomba aongezewe, kwa kuwa njaa nayo ni kweli.

Sasa fikirini mgeni wa kutoka mjini, ameshafika robo ya njia, ulimi umemkauka, magoti yanagongana. Anakutana na mtu anashuka. Anamuuliza, "Ndugu yangu, bado mbali?" Mtu wa Mtungire anasimama, anatua mzigo wake ili amjibu vizuri, anasema, "Bado. Kile unachokiona si kilele, ni bega. Ukifika begani utaona bega jingine. Ukilivuka hilo, hapo ndipo ugumu unapoanza." Kisha anajitwisha mzigo na kumtakia safari njema.

Mgeni alitazama aendako, akatazama atokako, akarudi kwao. Wote walirudi. Chumvi iliishia chini, nguo ziliishia chini, habari za dunia ziliishia chini. Na wachumba pia waliishia chini.

Hili la wachumba ndilo lililomuuma Mwanamvua, binti wa Mzee Mindu. Alikuwa msichana mrefu, mwepesi wa mguu na mzito wa maneno, na alikuwa amefikia umri ambao wanawake wakimwona mtu kama yeye husalimia halafu huguna. Kijijini kule kila kijana alikuwa ndugu yake kwa upande huu au ule, hivyo mume angetoka nje tu. Na desturi ya kilimani ilikuwa ngumu kama njia yake. Posa ilitamkwa na shangazi wa mwanamume, kwa kinywa chake mwenyewe, ndani ya uwanja wa baba wa binti. Jua likizama siku ile kabla maneno hayajatamkwa, posa imekufa, na haifufuliwi.

Posa mbili zilikuwa zimeshakufa. Mara ya kwanza Mzee Mindu aliteremka kwa heshima kuwapokea wageni njiani. Shangazi wa watu akamuuliza kama bado mbali, naye akamweleza njia yote, jiwe kwa jiwe. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akageuka. Wa pili hakugeuka. Aliketi akalia, wakambeba kumrudisha kama gunia la ufuta.

"Baba, umewafukuza," Mwanamvua alisema.

"Nimewaambia kweli," akajibu Mzee Mindu. "Mkwe asiyeweza kuibeba kweli, atakuwezaje wewe?"

Wakati huo kulikuwa na kijana aitwaye Kondo, mwuza chumvi kutoka mjini, aliyekuja kwenye gulio la hapa chini. Kondo alimpunja kila mtu kidogo, kama ilivyo kazi, isipokuwa Mwanamvua. Kibaba cha Mwanamvua kilijazwa mpaka chumvi ikamwagika juu ya mkeka, na bado Kondo akawa anaongeza huku akitazama mahali pengine. Wanawake wengine waliliona jambo lile kabla ya wenyewe wawili kuliona. Wawili hao walipoliona, wakapatana: Kondo angeleta posa mwezi ukiandama.

"Miguu yangu usiiogope," Kondo alimwambia. "Ogopa ya shangazi yangu."

Shangazi huyo aliitwa Semeni. Alikuwa mwanamke wa pwani aliyejaa mwili, aliyejaa sauti na aliyejaa huruma, na hakuna harusi mjini iliyokwenda sawa bila yeye. Lakini mahali pa juu kuliko pote alipowahi kupanda palikuwa kitanda chake cha samadari, na hicho akikipanda kwa kigoda.

Siku ya posa ilipofika, Mwanamvua alimwendea baba yake asubuhi. Alimwambia kwamba mkwe hapokelewi njiani kama mzigo, anapokelewa uwanjani, mkeka umetandikwa na jogoo ameshaiva. Mzee Mindu akaona neno hilo lina adabu, akabaki juu kusimamia jogoo. Mwanamvua akajitwika mtungi, akajifunika kaniki mpaka machoni na kuteremka kama mtu aendaye kisimani. Alikuwa anacheza na moto. Binti anayeposwa hakutakiwa kuonekana na wakweze kabla ya posa; angetambuliwa, aibu ingempata yeye, baba yake na kilima kizima.

Aliwakuta si mbali na kisima. Kondo alikuwa amebeba kikapu, mkeka na viatu vya shangazi yake. Baba yake mdogo, Feruzi, alikuwa ameshakataa kuendelea, amejilaza chini ya mkorosho na kofia usoni, akisema atawafuata roho ikimrudia. Shangazi Semeni alikuwa ameketi katikati ya njia, uso umeiva, anajipepea kwa ncha ya khanga.

"Mwanangu," alisema alipomwona msichana mwenye mtungi, "wewe ni mtu wa huku. Niambie na usinifiche. Bado mbali?"

Kondo aliitambua miguu iliyo chini ya ile kaniki. Akainama akajifanya anafunga kikapu.

Mwanamvua alifungua kinywa. Bibi alikuwa akifika hapa anasema msichana yule alisikia vizazi vyote vya Mtungire vimemkalia kwenye ulimi, vinamwambia aseme bega, aseme bega jingine. Akamtazama yule mama. Akamtazama Kondo na viatu vya shangazi mkononi. Akanyosha kidevu upande, si juu, upande kabisa, kwenye mti wa mpera uliokuwa unaonekana kwa mbali ubavuni mwa kilima.

"Hapo tu," akasema.

"Hapo penye mpera?"

"Hapo hapo."

Shangazi akainuka. Kwenda kwenye mpera hakukuwa kupanda hasa; ilikuwa ni kukata ubavu wa kilima polepole, kama mtu anayempita mtu aliyelala. Walipofika alikula mapera, akanywa maji ya mtungi, akatazama huku na huku akitafuta nyumba.

"Uko wapi uwanja wenyewe?"

Mwanamvua akanyosha kidevu upande wa pili, kwenye jiwe jeupe. "Hapo tu."

Wakaenda kwenye jiwe. Kutoka kwenye jiwe wakaenda kwenye kijito, kutoka kwenye kijito wakaenda kwenye kichaka cha mianzi, upande huu na upande ule, na kila walipogeuka walikuwa juu kidogo kuliko walipokuwa. Shangazi Semeni hakuacha kusema. Alisema habari za magoti yake, moja baada ya jingine, kwa kuwa yalikuwa na tabia tofauti. Alisema hajui huyo binti ana nini ambacho wasichana wa nchi tambarare hawana. Alisema kama ni uzuri basi uwe wa kutisha, na kama ni mapishi basi ayaonje leo leo. Mwanamvua alitembea mbele, anasikiliza anavyosengenywa, na mtungi haukutikisika.

Juu kidogo ya mianzi, shangazi aliona jiwe lenye bonde katikati, akajitupa juu yake.

"Sasa hapa ndipo," alisema. "Nimefika. Huo uwanja na uje wenyewe."

Jua lilikuwa limeshaelekea chini. Kondo alimbembeleza, akamwahidi kumbeba, akajaribu, wakakaribia kuporomoka wote wawili. Shangazi akamwambia aache, kwani anataka kuzikwa akiwa mzima.

Mwanamvua akatua mtungi wake, akapiga magoti mbele yake. "Shangazi," alisema, "unasikia harufu?"

Shangazi akanyanyua pua. Kulikuwa na harufu ya jogoo na nazi, nyembamba, inashuka na upepo. Naye tangu alfajiri hakuwa ameweka kitu tumboni ila yale mapera.

"Hapo tu?" akauliza.

"Hapo tu," akasema Mwanamvua, na safari hii sauti yake ilitetemeka, kwa sababu ilikuwa karibu kuwa kweli.

Walitokeza uwanjani jua limebaki kipande chembamba kama ukingo wa sahani. Mzee Mindu alisimama na kijiko mkononi, kinywa wazi. Hakuwahi kumwona mtu wa mjini amesimama pale. Shangazi Semeni naye hakumtazama. Alikuwa amegeukia walikotoka, na kule chini, mbali, aliiona bahari yote imelala, na ufukweni mwake alama ndogo ya moshi.

"Kile ni nini?" aliuliza.

"Ni mjini kwenu," Kondo akamwambia.

Akanyosha kiganja chake, kikaufunika mji mzima, pamoja na nyumba yake, ugomvi wake na watu wote aliowahi kuwaozesha. Kondo alisema baadaye kwamba hajawahi kumsikia shangazi yake akinyamaza muda ule wote, hata msibani.

"Shangazi, jua," Kondo akamnong'oneza.

Lakini Mzee Mindu alikuwa ameshauliza swali lake. "Nani amewapitisha? Hamkupita njia yetu."

Mwanamvua angeweza kuteleza nyuma ya nyumba. Hakufanya hivyo. Alifunua kaniki usoni. "Ni mimi, baba. Waliniuliza kama ni mbali, nikawaambia hapo tu. Nimesema hivyo kila kona."

Mzee Mindu aliweka kijiko chini kama mtu anayemlaza mtoto. "Mwanangu amesema uongo," alisema. "Njia ya mwongo ni fupi. Watu wa zamani walisema."

"Basi iwe fupi, mzee, kwani ile ya mkweli imenishinda," Shangazi Semeni akadakia. Alikuwa amejigeuza, mikono kiunoni, anamkagua Mwanamvua kuanzia vidole. "Kumbe ndiye wewe. Nimekusengenya kutoka kwenye mpera mpaka hapa."

"Nimesikia, shangazi."

"Na bado ukanipa maji." Akamgeukia mzee. "Sikiliza, mkwe wangu. Mimi sikuambiwa karibu, wala sikuambiwa mbali. Niliambiwa hapo. Nikatazama hapo, nikaenda hapo, na kweli palikuwapo. Uongo uko wapi? Angeniambia kweli yako yote kwa mkupuo, saa hizi nimelala chini ya mkorosho na kaka yangu. Amenigawia kidogo kidogo, kama mtu anavyomlisha mgonjwa."

Mzee Mindu akaokota kijiko chake, akakipangusa, akawasogezea wageni mkeka.

Hapo ndipo shangazi akavuta pumzi na kuitamka posa, maneno yote, hakuacha hata moja, na alipofunga kinywa jua likazama. Kisha akaomba kuonyeshwa jogoo.

Asubuhi yake walianza kuteremka, posa imekubaliwa, matumbo yamejaa. Kwenye mianzi wakakutana na Feruzi. Roho ilikuwa imemrudia, naye alikuwa anafuata nyayo zao na fimbo mbili, jasho linamtoka hata masikioni.

"Dada," alisema, "kwa jina la marehemu mama yetu. Bado mbali?"

Shangazi Semeni akamtazama kaka yake, akatazama juu. "Hapo tu," akasema. "Umeshafika." Akampita.

Kondo alingoja mpaka wamekata kona. "Shangazi, pale ni mbali bado."

"Najua," akasema. "Ningemwambia, angerudi. Nami nataka akaione bahari."

Na tangu siku hiyo njia ya Mtungire inakwenda upande huu na upande ule, alikopita shangazi wa watu, na ile iliyonyooka imemezwa na nyasi. Jiwe lenye bonde lipo, linaitwa Kiti cha Shangazi, mtapumzika hapo. Na kila anayeshuka, awe wa hapa au wa mjini, awe mtoto au profesa, akiulizwa njiani husema hapo tu, mmeshafika. Hawafundishwi. Wakishaona kilichoko juu, neno linawatoka lenyewe.

Mzee Mindu alimpenda sana mkwewe, akaishi miaka mingi, lakini hakuwahi kulisema neno lile. Alipoulizwa na wageni njiani, alikohoa. Wajukuu zake nao hukohoa, na vitukuu, wako wengi huko juu na vifua vyao ni vizima kabisa. Kwa hiyo leo mkimuuliza mtu naye akakohoa, msimpe dawa. Tafuteni kivuli, mkae, mnywe maji ya kutosha.