Gunzi Lililoivia Shimoni mwa Ndizi

Hapo zamani, sheria ya kukataza bangi ilipokuwa bado haijatungwa, kulikuwa na nchi ya milima na migomba, na katikati yake ulipita mto. Watu wa ng'ambo hii na watu wa ng'ambo ile waligombania malisho hadi mtu mmoja akafa. Tangu siku hiyo hakuna aliyevuka mto kwa hiari yake, hata kwenda kuomba moto.

Watu hao walikuwa na namna yao ya kupatana kila ugomvi ulipotokea. Walikaa ukingoni, wakawasha kiko kimoja cha kibuyu, kikapita mdomo hadi mdomo. Aliyevuta akatulia, walisema moyo wake ni mweupe. Aliyevuta akakohoa, walisema ana jambo amelificha, na mapatano yakavunjika. Walijua vizuri kwamba bangi mbichi humkohoza mwema na mbaya sawasawa. Walijua, lakini desturi ni desturi. Kwa hiyo hawakubishana na kikohozi. Walijitahidi tu kuiivisha bangi yao.

Na bangi waliiivisha hivi. Wanawake walipanda. Wanaume walifunga: walikaza vichwa vya mmea ndani ya maganda ya mahindi, wakazungushia kamba ya mgomba, hadi kifungu kikafanana na gunzi. Gunzi ndilo jina walilokipa. Kisha walilifukia katika lundo la samadi iliyokauka, lichachuke polepole, ukali ulitoke, moshi wake uwe laini. Gunzi likiwa ndani ya lundo waliliita mimba. Hakuna aliyeuliza ni la nani. Walisema mimba haipewi jina. Jina hungoja mtoto atoke.

Katika nchi hiyo alikuwako mjane, jina lake Subilaga. Mumewe alikuwa amemwachia nyumba kwenye kona ya mto, na hakumwachia mtoto. Kwa desturi, mjane asiye na mtoto alikaa nyumbani kwa mumewe mpaka mavuno. Baada ya mavuno alihamia kwa shemeji yake, au alirudi kwa baba yake. Subilaga hakutaka hili wala lile. Kwa shemeji kulikuwa na wake wawili tayari, na kwa baba hakukuwa tena na baba.

Mtemi wa nchi aliwaita watu, akasema, "Mwaka huu tunapatana na wenzetu wa ng'ambo. Shamba la kona ya mto limekosa mwenyewe. Mwenye gunzi litakalopitishwa siku hiyo bila mtu kukohoa, shamba ni lake, na nyumba iliyomo ni yake."

Subilaga alisikia. Alirudi akapanda.

Alipanda nyuma ya nyumba, palipokuwa zizi la mumewe. Alipalilia. Miche ya kiume aliing'oa mapema, isiharibu mingine. Ng'ombe wa watu walipokuja kuonja aliwafukuza kwa ukuni, na wenye ng'ombe walipolalamika aliwafukuza pia. Mmea ukakua ukampita kimo. Lakini mwanamke hakuruhusiwa kufunga. Akaenda kwa shemeji yake.

Shemeji yake aliitwa Mwaseba. Hakuna mkono uliofunga kama wake. Gunzi alilofunga Mwaseba ungeweza kulitupa juu ya mwamba lisifunguke.

"Shemeji," alisema Subilaga, "nimekuja na mmea wangu."

"Nimeuona tangu ulipokuwa mchanga," alisema Mwaseba. "Kila nikipita unanitazama. Mtu angedhani umemzika ndugu yangu ili upate mahali pa kulima."

"Ndugu yako tulimzika mimi na wewe. Wewe ulikuwa unalia, mimi nilikuwa nachimba."

Mwaseba akacheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Akafunga. Alichambua kila kichwa, kila jani gumu akalitoa, akakaza hadi vidole vikavimba. Alifunga gunzi la Subilaga na magunzi ya watu wengine wengi, lakini lile alilifunga kuliko yote. Naye alikuwa na lake moyoni. Lile shamba lilikuwa la ndugu yake, na kabla yake la baba yao. Aliliogopea lisije likaenda kwa mtu wa ukoo mwingine, na mwanamke akiolewa tena huondoka na vyake.

Magunzi yakafukiwa yote katika lundo moja, Mwaseba akaachiwa kulitunza. Mimba ikawa mimba, watu wakanyamaza.

Ndipo habari ikapaazwa kutoka ng'ambo ile ya mto: mzee wao mkubwa anaumwa, anataka apatane kabla hajafa. Siku ikasogezwa karibu. Mwaseba akatazama lundo, akaona halitawahi. Akachota samadi mbichi, ile inayotoka mvuke, akaipanga juu na pembeni.

Subilaga alipita akaona mvuke.

"Shemeji, lundo linachemka."

"Nimelichochea. Siku imesogezwa, hukusikia?"

"Nimesikia. Lakini hilo si joto la kuivisha, hilo ni joto la kupika. Utaniunguzia."

"Shemeji, mbegu ni yako, kamba ni yangu. Mimi sikukufundisha kupalilia."

"Weka mkono ndani basi."

"Mimba haiingizwi mkono," alisema Mwaseba. Nayo ilikuwa kweli. Ndivyo desturi ilivyosema. Subilaga akaenda zake.

Sasa, alikuwako na mtu wa tatu. Huyo aliitwa Gwamaka. Baba yake alikuwa mgeni aliyekufa kabla hajapewa ardhi, kwa hiyo Gwamaka hakuwa na shamba, hakuwa na zizi, na kwenye kiko hakuwa na zamu. Alilala kwenye vibanda vya watu. Kazi yake ilikuwa kuvundika ndizi za pombe. Alichimba shimo, akalitandika majani makavu ya mgomba, akalipasha kwa moto mdogo, akapanga ndizi, akafunika. Kila asubuhi alitia mkono hadi begani, akasikiliza joto. Likizidi alitoa jani. Likipungua aliongeza jani. Ndizi za Gwamaka ziliiva zote siku moja, na watu walizisifu mbele ya kila mtu isipokuwa mbele yake.

Siku moja mchana watu wote walikuwa kwenye mavuno ya ulezi. Gwamaka akapita karibu na lundo. Hakuwa na mpango. Aliona ncha ya gunzi moja imechomoza, nene, iliyokazwa vizuri. Alikumbuka kwamba kila mwaka yeye husikia tu watu wakisimulia jinsi moshi ulivyokuwa laini. Akalivuta. Likamchoma vidole. Akalifunga kwenye jani la mgomba, akakimbia nalo, na kwa kuwa hakuwa na nyumba ya kulificha, akalifukia katikati ya ndizi, shimoni.

Alilolichukua lilikuwa lile la Subilaga.

Na kati ya ndizi zilizokuwa shimoni, mikungu miwili ilikuwa ya Subilaga. Akaja kuitazama.

"Gwamaka, ndizi zangu zinanuka bangi."

"Ndizi za mwaka huu, dada. Mvua ilikuwa nyingi."

"Mvua ya wapi hiyo?"

Subilaga akapiga magoti, akafunua majani, akaona kamba. Aliujua mkono uliofunga kamba ile. Alijua na mmea uliokuwa ndani. Akaligusa gunzi. Lilikuwa na joto la yai chini ya kuku.

"Dada, nitalirudisha," alisema Gwamaka. "Nitalirudisha leo, usiniseme. Watanivusha mto." Kwa maana huko mwizi alivushwa mto, akaachwa upande wa pili, na uso wake haukuonekana tena nyumbani.

Subilaga akafikiri. Likirudishwa, litarudi kwenye mvuke. Akisema, litarudi kwenye mvuke na Gwamaka atavushwa. Akinyamaza, basi naye ni mwizi, na magunzi ya majirani zake yanaungua akiwa anajua.

"Mimi nimekuja kutazama ndizi," alisema. "Nimeziona. Ila hiyo iliyo katikati uigeuze. Imelalia upande mmoja."

"Niigeuze mara ngapi?"

"Unaniuliza mimi? Mwenye shimo ni nani?"

Gwamaka akageuza. Kila asubuhi alitia mkono hadi begani, akasikiliza joto. Likizidi alitoa jani. Likipungua aliongeza jani.

Siku ya mapatano ikafika. Asubuhi Subilaga aliteleka maharage yake juu ya moto, nyumbani kwenye kona ya mto, akajitanda nguo akaenda. Watu wa ng'ambo hii walikuwa wameketi ukingoni. Watu wa ng'ambo ile walivuka, wamembeba mzee wao mgonjwa. Mwaseba akaongozwa kwenye lundo mbele ya wote.

Akafukua. Gunzi la kwanza lilikuwa jeusi kama mkaa wa juzi. La pili lilikuwa jeusi. Alifukua hadi chini, yote meusi, kamba zinakatika mkononi. Na moja halikuwepo.

Watu wa ng'ambo wakaanza kuulizana. Mmoja akasema kwa sauti, "Wametuita kuja kuvuta majivu?" Vijana wa pande zote mbili wakasimama. Mwaseba alikaa chini na kamba zilizoungua mapajani, wala hakumtazama mtu.

Gwamaka alikuwa nyuma ya watu, mahali anaposimama siku zote. Hakuna aliyemwona. Hakuna aliyemshuku. Angeweza kwenda zake, gunzi likawa lake, akalivuta peke yake mwaka mzima. Akaenda shimoni, akarudi na kitu kwenye jani la mgomba, akakiweka mbele ya mtemi.

"Hili ndilo lililokosekana," alisema. "Nililiiba mimi, nikalifukia katika shimo la ndizi."

Mtemi akalitazama. Mwaseba akaitambua kamba yake. Subilaga akaitambua harufu ya ndizi zake. Kabla mtu hajauliza, mzee mgonjwa akanyoosha mkono.

Wakafungua. Vichwa vilikuwa vya rangi ya asali, vimeshikamana, vina harufu ya ndizi mbivu. Wakatia kwenye kiko. Mtemi akavuta, akatulia. Mzee mgonjwa akavuta. Yeye alikuwa mtu wa kukohoa hata akinywa maji. Akatulia. Kiko kikapita ng'ambo hii na ng'ambo ile, hakuna aliyekohoa. Kikamfikia yule kijana aliyetaja majivu. Akavuta akasema, "Aa, haya si majivu," watu wakacheka, na waliokuwa wamesimama wakaketi. Jua halijafika kichwani, ng'ombe wa ng'ambo ile wakaanza kunywa maji upande huu.

Mtemi akasema, "Mtoto ametoka. Sasa tunaweza kuuliza ni wa nani."

Subilaga akasema, "Ni langu. Lilikuwa mbegu kwenye kiganja changu. Nilipanda, nilipalilia, nilifukuza ng'ombe. Niliona lundo linachemka nikasema, sikusikilizwa. Nilikwenda kutazama ndizi, nikaona gunzi limeibwa, nikanyamaza, na kimya changu ndicho kilichoacha liive. Wangapi hapa wangeona mali yao mikononi mwa mwizi wakamwambia aigeuze?"

Mwaseba akasema, "Kama alijua, ametuacha sote tuunguliwe. Magunzi ya majirani yamekwisha na yeye alikuwa anatazama ndizi. Ndiyo, niliweka samadi mbichi. Niliiweka kwa sababu siku ilisogezwa, na hakuna mwingine aliyesumbuka. Lakini tazameni hili. Limeondolewa kwenye moto, limekimbizwa, limefukiwa chini ya mikungu, limegeuzwageuzwa, halikufunguka. Lingekuwa kamba ya mtu mwingine mngekuwa mnavuta maganda ya ndizi. Na shamba ni la ndugu yangu. Siombi shamba la mtu mwingine."

"Ndugu yako alikuwa mume wangu," alisema Subilaga.

"Alikuwa ndugu yangu kwanza."

Mtemi akamgeukia Gwamaka. "Na wewe?"

"Mimi mwizi," alisema Gwamaka. "Mwizi hana la kudai."

"Nimekuuliza."

Gwamaka akafikiri. "Mbegu ilikuwa ya dada. Kamba ilikuwa ya mzee Mwaseba. Lakini mbegu hiyo na kamba hiyo vilikuwa pamoja ndani ya lundo, na mngekuja leo mngekuta mkaa. Joto lilikuwa langu. Niliiba, kweli. Nililileta pia, na hakuna aliyenifuata. Sijawahi kuwa na mahali pa kuchimba shimo langu mwenyewe. Nimesema kwa sababu umeniuliza."

Watu wakaanza kubishana. Wanawake wakasema asiye na mbegu hana mtoto. Wafungaji wakasema mbegu bila kamba ni majani. Mzee mgonjwa wa ng'ambo akainua kichwa akasema wao hawana neno. Ila wakimvusha yule kijana mto leo, wao watampokea, maana nao wana ndizi.

Mtemi hakuwa mtu wa haraka. Akimpa Subilaga, amempa aliyejua akanyamaza magunzi ya majirani yakiungua. Akimpa Mwaseba, amempa aliyeunguza. Akimpa Gwamaka, amempa mwizi, na mwakani kila lundo litalindwa kwa mkuki. Asipompa mtu, neno lake alilolitoa mbele ya watu litakuwa kama zile kamba zilizoungua.

Subilaga amesimama. Mwaseba ameketi na kamba mapajani. Gwamaka naye amesimama, kwa sababu hakuna aliyemwambia aketi. Na kule kwenye kona ya mto moshi unatoka paani, chungu cha maharage kiko motoni tangu asubuhi, maji yanakaribia kukauka, na lazima mtu mmoja aende akakiepue, aingie ndani, afunge mlango kama mwenye nyumba.

Haya, ninyi mliosikiliza: mtamwambia nani aende?