Sindano Iliyokataa Kushuka

Adhuhuri ya siku ya tatu ya masika, sakafu ya karakana ilimmeza Kombo, fundi chuma, hadi kifuani. Lililomvuta, wasikilizaji wangu, ni zimwi la chini, lile linaloangusha kila kitu duniani.

"Inua kitu nisichoweza kukirudisha chini, nimwachie mumeo," likamcheka Mashavu, mkewe Kombo.

Mashavu akaangusha sindano, akaisogezea sumaku ya Kombo. Sindano ikaruka, ikanata.

Zimwi likavuta, likavuta, likavuta. Sindano haikushuka. Kombo alizama hadi shingoni, na Mashavu bado ameishikilia sumaku juu.

"Utachoka, bibi wee! Mimi sichoki."

"Nani kakwambia nitashika mimi?"

Akaifunga sumaku kwa uzi kwenye boriti.

Jua lilipotua, sindano ilikuwa bado juu. Kombo alikuwa kizingitini, akijikung'uta udongo.