Kisima Kilichofunikwa Matawi

Asubuhi ya leo mmesikia honi kabla ya kuiona treni yenyewe, kisha mkamsikia muuza mihogo wa stesheni akimkejeli mwenzake mwenye makelele: "Treni haifuati ngoma, hufuata maji." Mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Yametoka hapa hapa, kabla hapajawa mji.

Mlimani palikuwa na kijiji cha Mwanangwa Kasubi, mkuu wa wenyeji. Bondeni aliishi peke yake Kalunde, mjane mfinyanzi. Kasubi alikuwa amemfukuza kijijini kwa kuwa moshi wa tanuri lake uliwakera wakubwa.

Wakaja wapimaji wa reli. Kila mtu alijua kwamba penye stesheni patakuwa na soko, na pasipo na stesheni patabaki magugu. Kasubi akachinja fahali, akapanga ngoma saba. Kisha, kwa desturi yao, akaamuru kisima kifunikwe matawi, maana kumpa mgeni wa heshima maji matupu ilikuwa aibu.

"Maji yako wapi?" mpimaji mkuu akauliza.

Kasubi akaona ametukanwa. "Bwana, kwangu mgeni hanywi maji. Leteni pombe!"

"Si ya kwangu. Ni ya injini ya mvuke."

"Basi na hiyo injini tutailewesha!"

Watu wakacheka, ngoma zikalia. Mpimaji akaandika kwamba mlimani hakuna maji, akashuka bondeni. Huko alimkuta Kalunde akichimba udongo kando ya shimo lililojaa maji, ingawa kiangazi kilikuwa kikali. Kabla hajauliza neno, Kalunde alimchotea bakuli. Mpimaji akanywa, akapigilia kigingi cha stesheni papo hapo.

Siku ya treni ya kwanza, ngoma za Kasubi zililia tangu alfajiri. Treni ikapita chini ya mlima bila hata kupunguza mwendo, ikaenda kusimama kwa Kalunde, ikanywa. Mwaka wa pili palikuwa na maduka matatu ya mabati, soko na fundi cherehani. Watu wa mlimani wakashuka, nyumba moja baada ya nyingine. Wa mwisho alikuwa Kasubi, ngoma mgongoni, akamwomba Kalunde kiwanja.

"Mwanangwa, na ngoma ni ya nini?"

"Ya kukalia, mama, mpaka nijibiwe."

"Moshi wangu ulikukera. Huu wa treni utauweza?"

Soko zima liliangua kicheko. Kasubi aliinama. Kalunde akachota maji, akampa bakuli kwa mikono miwili. Mzee akanywa maji matupu mbele ya watu wote mpaka tone la mwisho.

"Kiwanja ni kile pale," Kalunde akasema.

Kasubi akafuta ndevu, akapaza sauti: "Kalunde, nakuahidi mbele ya hawa wote: mlangoni kwangu hapiti mgeni bila maji, na kila mjukuu wangu nitamfundisha kwamba treni haifuati ngoma, hufuata maji."