Ngiri na Tambi za Dengu

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo pakawa ya njaa. Iitikieni kama watu walioshiba. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Kaeni vizuri basi, na wewe uliyeshika bakuli liweke chini, hadithi hii inakuhusu.

Hapo zamani za kale, zamani wanyama walipokuwa wakipika, alikuwapo Ngiri. Alikuwa na mke, Bi Ngiri, na watoto wanne. Walikaa shimoni. Mnajua ngiri anavyoingia shimoni? Watoto hutangulia. Mama hufuata. Baba huja mwisho, tena huingia kinyumenyume. Matako ndani, meno nje. Chui akifika mlangoni anakutana na meno, anarudi zake. Ndivyo walivyofundishwa na wazee wao, na ndivyo walivyopona miaka yote.

Sasa Ngiri huyu alipenda tambi. Si kupenda kwenu huku kwa kuonja. Tambi za sukari, zikakaangwa kwa samli mpaka zikawa nyekundu, zikamwagiwa tui zito, zikatiwa iliki na zabibu. Asubuhi tambi. Mchana tambi. Jioni mkewe akiuliza, "Tupike nini, Baba Watoto?" anajibu, "Kwani tambi zimekwisha?" Fyuu! Fyuu! Akala, akanenepa. Akala, akanenepa.

Siku moja alasiri Chui akakohoa kichakani. Watoto mbio, ndani. Mama mbio, ndani. Ngiri akageuka, akatanguliza matako, akasukuma. Hayaingii. Akasukuma tena. Hayaingii! Mkewe akamshika mkia kwa ndani, akavuta. "Toa pumzi! Haya! Toa pumzi!" Pu! Akaingia, ngozi ya kiuno ikabaki mlangoni. Chui alipofika, alikuta meno.

Bi Ngiri akalia. "Mume wangu, leo Mungu katusitiri. Ukiongeza unene wa kidole kimoja tu, umekwisha, na mimi ni mjane na watoto wanne."

Ngiri aliogopa, msidhani hakuogopa. Kulipokucha akaenda kwa mganga, Bi Kwale. Bi Kwale akamzunguka mara moja, na ilimchukua muda.

"Hizi tambi za unga mweupe zitakuua," akasema. "Ziko tambi za unga wa dengu, huu huu wa bajia. Zinashibisha upesi. Kula hizo, bakuli moja kwa siku, ushukuru."

Ngiri akasikia "tambi". Akasikia "kula hizo". Mengine yote yakapita na upepo.

Njiani akapita kwa jirani yake, Kobe. Kobe alikuwa akila dengu zake, za chumvi na kitunguu, kibakuli kimoja, kama alivyokula baba yake. Siku zote Ngiri alikuwa akimcheka: "Dengu tena? Masikini wa Mungu!" Leo akasimama mbele yake, akasafisha koo.

"Jirani, unajua kwamba dengu ni afya?"

"Ehe?" akasema Kobe.

"Nimeambiwa na mganga. Lakini si hizo zako. Zangu mimi ni za tambi."

Kobe akatafuna, akameza. "Kwani zako zimeota shamba gani?"

"Mambo haya huyawezi, mzee wangu."

"Haya, bwana. Mjuzi ni wewe."

Tambi za dengu zikatafutwa, zikapatikana. Bi Ngiri akateleka maji, akatia chumvi kidogo.

"Chumvi?" Ngiri akang'aka. "Nani mgonjwa humu ndani?"

"Si wewe?"

"Mke wangu, tambi ni tambi. Samli iko wapi?"

"Lakini Baba Watoto, mganga kasema..."

"Mganga kasema dengu. Hakusema lolote juu ya samli."

Basi samli ikaingia, chwaaa! Tui likaingia. Sukari nayo mganga hakuisema, ikaingia. Iliki na zabibu hazikungoja kuulizwa.

Ngiri akala. Bakuli la kwanza kwa ajili ya afya. Bakuli la pili kwa ajili ya afya. La tatu akasema ni la kulinda yale mawili.

Tangu siku hiyo hakukaliki. Kila anayepita anasimamishwa. "Mie siku hizi sili ovyo. Ni dengu tu. Mafuta mwilini sina hata tone, hebu nigonge hapa." Unamgonga tumbo, ndu! "Umesikia? Mifupa hiyo." Wanyama wakaangaliana, wakasema, maashallah. Unamwambiaje mtu mzima?

Kobe peke yake ndiye aliyemwuliza. "Jirani, shimo umelipima?"

"Anayekula dengu hapimi shimo," akasema Ngiri, akaenda zake akitikisika.

Na maneno yana miguu. Ngiri hana mafuta! Ngiri anakula dengu! Yakatembea, yakatembea, yakamfikia Chui.

Alasiri moja Chui akaja, na safari hii hakukohoa; walimwona keshafika karibu. Watoto mbio, ndani. Mama mbio, ndani. Ngiri akageuka, akatanguliza matako, akasukuma. Hayaingii. Mkewe akavuta mkia. "Toa pumzi!" Akatoa. Hayaingii. "Toa pumzi yote!" Akatoa yote. Hayaingii hata robo. Watoto huko gizani wakalia, "Baba, ingia! Baba, ingia!" Na baba anataka kuingia, jamani, anataka kuliko kitu chochote duniani.

Meno yalikuwa mbele, kweli. Lakini ubavu mzima ulikuwa nje. Chui akazunguka, akaketi ubavuni pale.

"Habari za siku nyingi, Bwana Ngiri? Nasikia siku hizi unajitunza."

Ngiri akasukuma tena.

"Mimi nami naumwa magoti," akasema Chui. "Nilikwenda kwa Bi Kwale. Kaniambia niache nyama za mafuta, nitafute mnyama anayekula dengu. Kipande kimoja, nishukuru."

"Bwana wangu, umedanganywa!" Ngiri akapiga kelele msitu mzima ukasikia. "Mimi ni mafuta matupu! Nakula samli! Nakula sukari! Nakula tui! Mabakuli matatu kila siku, muulize mke wangu!"

"Manne!" akalia Bi Ngiri kutoka ndani. "Wallahi manne!"

Chui akafikiri. Sisemi uongo, alifikiri. Akajikuna sikio, akatazama ule ubavu unavyong'aa.

"Mganga kasema anayekula dengu," akasema Chui. "Hakusema lolote juu ya samli."

Akala bega moja kwa ajili ya afya. Bega la pili kwa ajili ya afya. Yaliyobaki akasema ni ya kulinda yale mawili.

Mnanitazama nini? Mlidhani Kobe atakimbia kuja kumwokoa? Kwa miguu ipi?

Bi Ngiri alilia sana, maana alimpenda mumewe, na tambi zake na majivuno yake na yote. Watoto wanne, mlango uko wazi, na hakuna meno ya kuuziba. Siku ya matanga majirani wakajaa, na waliokuja kulia lazima wale. Pakapikwa tambi za dengu. Samli, chwaaa! Tui. Sukari.

"Marehemu alizipenda hizi," wakasema waombolezaji.

"Tena zina afya," wakajibiana. Kila mmoja mabakuli matatu, machozi yakiwatoka.

Kobe akapewa bakuli moja. Akala, akashukuru, akampa mjane pole, akashika njia. Alipofika kwake akavuta kichwa gambani, kikaingia. Akavuta mguu, ukaingia. Akavuta na mingine, yote ikaenea.

Mafunzo yake ni haya, na sitayazungusha: ukibadilisha chakula bila kubadilisha ulaji, umebadilisha rangi ya sufuria tu. Na ukipewa shauri la kukuponya, lisikie lote mpaka mwisho, usichukue lile neno tamu ukaliacha lenye kazi.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni pa shimo. Na wewe, si nilikwambia bakuli hilo liweke chini? Hilo la ngapi?