Pimbi na Kipimo Kilichosema Hamna Neno

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana kompyuta zilikwishakuwepo, paliondokea Pimbi. Mnamjua pimbi? Ni yule mnyama mdogo wa kwenye mawe. Hana mkia, na ukimtazama haraka utadhani ni panya aliyeshiba. Kaeni vizuri niwasimulie, na wewe uliyefumba macho usijifanye umelala. Hadithi hii ni ya aibu, na aibu ya Pimbi haikuwa ndogo kama yeye.

Pimbi alikuwa fundi. Wanyama wa Mabwawani walipenda michezo ya kompyuta kuliko chakula, na kompyuta zao zote zilikuwa za Linux. Linux, watoto, ni kama nyumba unayojipangia mwenyewe. Nyati aliweka jiko sebuleni. Kifaru hakuweka mlango kabisa, aliingia popote kwa kichwa. Sasa mchezo ukitoka mbali ukaingia nyumba kama hizo, unatafuta sufuria huku, unatafuta maji kule, huvioni, unaanguka chini pu!

Ndipo Pimbi akatengeneza Sanduku. Ndani yake alitia kila kitu ambacho mchezo unahitaji: jiko lake, sufuria zake, mpaka kijiko. Mchezo ukikaa humo haujali nyumba ya nje imepangwaje. Kitu kimoja tu hakikuweza kuingia Sandukuni, nacho ni kile kinachoiongoza kadi ya picha, ile inayochora mchezo kwenye skrini. Mafundi hukiita dereva, ingawa hakina gari. Kila nyumba ina dereva wake, kwa hiyo Pimbi alilitoboa Sanduku dirisha moja la kumwazima huyo dereva kutoka nje.

Kisha akatengeneza na Kipimo. Sanduku likipata hitilafu huiandika kwenye daftari, na Kipimo huenda kulisoma daftari hilo kikampa habari mwenye nyumba. Kikikuta daftari tupu, kinaandika maneno mawili kwenye skrini: HAMNA NENO. Wanyama waliyapenda sana maneno hayo. Ukiulizwa nawe ukajibu hamna neno, si ndiyo umesema mambo ni shwari?

Kwa kazi hiyo Pimbi aliheshimiwa. Zamani alikuwa akikanyagwa ukumbini na hakuna aliyegeuka kusema pole. Sasa aliwekewa kiti cha mbele, na hata Kifaru alimwita Fundi. Palikuwa na desturi moja tu aliyoiogopa. Kila Sanduku jipya lilitoka na waraka unaoeleza nini kimerekebishwa na nani aliyekosea, na waraka huo ulisomwa ukumbini na Kanga, ambaye sauti yake mnaijua.

Jumatatu moja Pimbi akapanga upya vitu vya Sandukuni, akaligawa kwa kila mtu. Kesho yake asubuhi akasikia vishindo kwenye mwamba wake.

"Hodi, Fundi."

"Karibu, Bwana Nyati. Habari za huko?"

"Za huko si nzuri. Nikifungua mchezo, skrini inakuwa nyeusi tii, halafu pu, unaanguka. Na Kipimo chako kinasema hamna neno."

"Ngoja niangalie," akasema Pimbi.

Akafungua kazi yake mwenyewe. Hata hakuchukua muda. Lile dirisha la dereva alikuwa amelihamishia upande ambao hauna dereva. Na daftari la hitilafu alikuwa ameliweka rafu nyingine bila kukiambia Kipimo. Kwa hiyo Kipimo kilikuwa kinakwenda kila siku kwenye rafu ya zamani, kinafunua karatasi tupu isiyo na neno hata moja, kinarudi kusema HAMNA NENO. Kilisema kweli, maana neno halikuwemo. Wenye nyumba wakasikia shwari.

Masikio ya Pimbi yakapata moto. Kurekebisha kungemchukua saa moja tu, lakini waraka je? Alimsikia Kanga moyoni mwake akipaza sauti, "Fundi Pimbi amekosea! Mara mbili!" Akaona kile kiti cha mbele kinaondoka. Nitasubiri, akajiambia, mpaka nipate kazi kubwa ya kulifichia kosa hili.

"Bwana Nyati," akasema, "kwani wewe kompyuta yako unaiamkia?"

"Naiamkia?"

"Kipimo kimesema hamna neno. Basi neno liko kwako. Unaingia, unakaa, unaibonyeza kwa kwato, bum bum bum. Hata shikamoo?"

Nyati akainamisha kichwa, pembe zake zikagusa chini. "Mimi sikulelewa hivyo, Fundi. Kwetu tunaamkia wakubwa. Sikujua kama hii nayo ni mkubwa."

"Sasa umejua. Na usimwambie mtu, ni fedheha."

Siku ile mchana, Pimbi akiwa juu ya mwamba, akasikia kutoka nyumba ya Nyati: "Shikamoo." Kimya. "Shikamoo, kompyuta." Kimya tena. Akacheka mpaka akashika mbavu. Mnyama mkubwa vile, amesimama mbele ya meza anangoja marahaba!

Keshokutwa yake akaja Kifaru, anahema.

"Fundi, mchezo unaanguka. Kipimo kinasema hamna neno."

"Ni pembe yako, Mzee Kifaru. Inazuia mawimbi."

"Pembe hii hii niliyozaliwa nayo?"

"Una nyingine?"

Kifaru akaenda akaazima khanga ya mkewe, akaizungushia pembe, akafunga fundo. Waliomuuliza aliwaambia anaumwa jino. Wakampa pole, naye akaitikia ahsante huku anatazama pembeni. Pimbi safari hii alicheka kidogo tu.

Wa tatu alikuwa Bi Kiboko. Huyu ngoja niwaeleze vizuri. Nchi kavu Bi Kiboko alichekwa kila anapopita, kwa ule mwendo wake na ule upana. Lakini kulikuwa na mchezo mmoja ambao ndani yake mchezaji ni mbayuwayu, anaruka katikati ya miamba na matawi, na Mabwawani nzima hakuna aliyeruka kama yeye. Aligeuka, alishuka, alipenya mahali ambapo wengine waligonga. Ndiye aliyechaguliwa kuruka kwa niaba ya Mabwawani kwenye mashindano na wanyama wa ng'ambo ya mto.

"Fundi, nisaidie," akasema. "Siku kadhaa sijaruka, nami najiona kama nimefungwa kamba. Mle ndani mimi ni mwepesi. Huku nje unaniona mwenyewe."

Pimbi alitaka kusema kweli. Mdomo aliufungua kabisa. Lakini alikwishamwambia Nyati yake, alikwishamwambia Kifaru yake, na uongo wa tatu ulikuwa umekaa tayari kwenye ulimi.

"Ni pumzi zako, Bi Kiboko," akasema, akiangalia kucha zake. "Ni nzito. Zinaingia kwenye mashine, zinaiziba."

Bi Kiboko akaweka mkono mdomoni. "Kumbe," akasema. "Ahsante kwa kuniambia, wengine wangenisema pembeni." Akaenda zake taratibu, mkono bado uko mdomoni.

Siku hiyo Pimbi hakucheka.

Wiki ya kwanza ikapita. Nyati anaamkia, Kifaru anafunga fundo, michezo inaanguka pu, pu, pu, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake. Ukumbini hawakuwa wakiulizana, maana nani angeanza? Wiki ya pili ikapita. Wiki ya tatu Bi Kiboko akarudi mwambani. Alikaa mbali, na alizungumza ameugeuza uso upande ili pumzi zisimfikie Fundi.

"Nimekuja kukuomba radhi," akasema.

"Mimi? Kwa lipi?"

"Nimekusumbua na mashine yako. Nimejaribu kupumua kidogo kidogo, nikaona kizunguzungu. Nimejaribu kufunga kitambaa. Haikusaidia. Sasa nimeifunika kompyuta, na mashindano ya Jumamosi nimewaambia watafute mwingine. Wewe umehangaika kututengenezea kitu kizuri, mimi nakiharibu."

Akainuka. Pimbi alibaki amekaa, na mwili wote ulimwasha kwa aibu. Aliitamani ile aibu ya kusomwa na Kanga, aliyokuwa akiikimbia, maana hiyo ingekwisha kwa siku moja. Hii ilikuwa imekwishaingia nyumbani kwa mtu.

Mnadhani alikwenda kusema? Hakwenda. Alikimbilia kompyuta yake. Dirisha akalirudisha kwa dereva, Kipimo akakionyesha rafu mpya, tena akakifundisha kuandika "Daftari sijaliona" kikikosa cha kusoma. Ilimchukua saa moja kasoro. Kisha akaandika waraka, akampelekea Kanga.

"Sanduku jipya," Kanga akasoma kwa sauti yake ya kupasua masikio. "Marekebisho madogo madogo." Akaigeuza karatasi nyuma. "Ni hayo tu, Fundi?"

"Ni hayo tu."

Jioni michezo ikafunguka kila nyumba. Nyati akatoka nje anarukaruka, ardhi inatikisika, kishindo kwa kishindo. "Imeitikia! Shikamoo yangu imeitikiwa!" Kifaru naye akaikaza ile khanga zaidi, akaapa hataivua maisha. Hila ya Pimbi ilikuwa imefaulu kabisa. Angeweza kulala, nami ningesema hadithi imekwisha.

Lakini nyumba ya Bi Kiboko ilikuwa kimya. Ijumaa Pimbi akaenda kupiga hodi.

"Nisamehe, Fundi, sifungui," ikajibu sauti nyuma ya mlango. "Tuongee hivi hivi."

"Sanduku jipya limetoka, Bi Kiboko. Hebu jaribu mara moja."

"Ya nini nikaliharibu na hili? Si wewe mwenyewe uliyenieleza?"

Pimbi akasimama pale mlangoni. Neno lilikuwa moja tu, na hapakuwa na mtu wa kulisikia isipokuwa yule aliyemkosea. Lakini akaliacha. "Basi, vizuri," akasema, akaondoka, na njia nzima alijiona ananuka.

Jumamosi mchana ukumbi ukajaa. Wa ng'ambo ya mto walikuja na mchezaji wao. Mabwawani walimweka Nyati mahali pa Bi Kiboko, na kila mtu alijua kitakachotokea, maana Nyati aliruka kama anavyotembea. Bi Kiboko mwenyewe hakuingia. Alisimama nje ya dirisha, mkono mdomoni, anachungulia.

Pimbi alikuwa kwenye kiti chake cha mbele. Alimwona. Akateremka kitini, akapanda mezani, maana asingeonekana.

"Kanga, nipe ule waraka wangu," akasema. "Sikuuandika wote."

Kanga akampa. Pimbi akaiinua karatasi juu, wote waione.

"Wiki tatu zilizopita niliharibu Sanduku," akasema. "Nililihamisha dirisha, dereva akabaki nje. Nikalihamisha daftari, Kipimo kikawa kinasoma karatasi tupu. Niliona kosa siku ile ile aliyokuja Bwana Nyati. Nikaona haya kusomwa hapa. Nikawaambia ni nyinyi."



"Ina maana," akasema Nyati polepole, "nimekuwa nikiiamkia bure?"

"Bure, Bwana Nyati."

"Kila siku?"

"Kila siku."

 Kifaru alifungua fundo, akaivua khanga, akabaki ameishika, hajui aiweke wapi. Wa ng'ambo ya mto walianza kucheka, mmoja mmoja, halafu wote. Pimbi akasimama pale mezani anachekwa, wala hakushuka.

Mlango ukafunguka, akaingia Bi Kiboko. Wanyama wakampisha. Akaja mpaka mezani, uso wake ukawa usawa mmoja na uso wa Pimbi.

"Dada yangu alikuja kunitembelea," akasema, "nami nilikuwa sijamwona miaka miwili. Nilimkalisha nje, kwenye jua, nikazungumza naye kwa mbali. Akaondoka siku ile ile. Alidhani simtaki."

Pimbi akafungua mdomo. 

"Kaa kimya kwanza," akasema Bi Kiboko. Akautoa ule mkono mdomoni, mbele ya watu wote, akaushusha. "Haya. Sasa sema tena, kuna wa nyuma hawakusikia."

Walikuwa wamesikia wote, na Pimbi alijua. Akavuta pumzi.

"Pumzi za Bi Kiboko hazina kosa lolote," akasema kwa sauti kubwa kuliko ya Kanga. "Kosa ni langu."

"Tena," akasema Bi Kiboko.

Akasema tena. Akasema mpaka kicheko cha wale wa ng'ambo kikaisha chenyewe, na sauti yake ikakauka. Ndipo Bi Kiboko akamwambia Nyati ainuke kwenye kile kiti, akakaa yeye.

Hadithi yangu imefika mwisho wake, watoto, na funzo lake ni hili: kosa lako liseme wewe mwenyewe mapema, kabla mwenzako hajaenda nalo kwake akidhani ni lake.