Sekiete na Bwawa la Bata

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, ila msinikanyagie mkeka. Hapo zamani za kale, katika kijiji kimoja cha mlimani, vijana walimchagua Sekiete awe mkubwa wao. Walimchagua kwa sababu ya sauti. Akikohoa, mbuzi wa jirani husimama.

Amri yake ya kwanza ilihusu bata. Alikuwa nao wengi, akiwapenda mno, akasema bata nao wana haki ya kuogelea. Basi vijana wakabeba mawe, wakabeba udongo, wakaziba kijito. Maji yakajaa, bata wakaingia. Chubwi, chubwi, chubwi.

Bibi Nakijwa, mzee aliyewafunda vijana wale uongozi, akaja kulitazama bwawa. Akamuuliza Sekiete watu wa bondeni watakunywa nini.

"Wale si wa ukoo wetu, Bibi."

"Si wa ukoo wetu, mjukuu wangu. Lakini koo za kumezea maji wanazo."

Alimwambia tu kwamba kiongozi hutembelea majirani, akamtuma kwa mdogo wake, Bibi Mbazi, aliyeolewa huko bondeni.

Sekiete akashuka, kifua mbele. Bibi Mbazi akampokea vizuri sana. Akampa mihogo ya kuchoma, mikavu. Akamwongezea karanga. Sekiete akala, akala, akala. Kisha vijana wa bondeni wakakusanyika wamsikie.

"Ndugu zangu, mimi ni kwi! Mimi ndiye kwi! Kiongozi ni kwi!"

Watu wakacheka hadi wakakaa chini. Sekiete, kwikwi imemkaba, macho yamemtoka, akaomba maji.

Bibi Mbazi akaleta kata yenye maji kidogo tu. Akamweleza kwa upole kuwa hayo ndiyo yaliyobaki, walimwekea mjukuu wake mwenye homa, lakini mgeni ni mgeni, anywe.

Koo lilimwaka Sekiete. Akainua kata. Hapo akamwona mtoto mlangoni, midomo imempasuka, macho yake yako kwenye kata ileile. Mkono wa Sekiete ukashuka wenyewe.

"Mpe kwi! Mpe mtoto."

Akapanda mlima mbio, kwi, kwi, kwi, hata salamu hakuitikia. Akaruka bwawani, akang'oa jiwe kubwa la katikati. Kujitoa njiani kwanza hakukumbuka. Shwaaa! Maji yakamzoa, yakazoa na bata, wakateremka wote pamoja, kwi, kwaa, kwi, kwaa, mpaka nyuma ya nyumba ya Bibi Mbazi. Akaibuka matopeni, bata mmoja amemkalia kichwani.

Watu wakakimbilia vibuyu vyao.

Tangu hapo vijana wa mlimani na wa bondeni walikaa baraza moja. Kabla ya kuamua lolote, Sekiete aliuliza: "Nani hayupo hapa, na jambo hili litamfika?" Bata nao walipewa zamu yao ya kuoga, watu wakishateka.

Haki ya mtu haipungui kwa kuwa anakaa mbali na macho yako. Na ndiyo maana Bibi Nakijwa tunamkumbuka hadi leo: hakumgombeza kijana, alimtuma akale mihogo.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayebisha aje asimulie yake.